Kidude cha kunusa gesi ya mkaa: nimekaa nacho miezi kumi, haya ndo niliyoyaona

Nianze na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtaniuliza. Cha kwanza nilinunua elfu kumi na nane, cha pili elfu hamsini na tano. Cha elfu kumi na nane kipo kwenye droo ya makabati hakina hata betri, cha hamsini na tano kipo ukutani chumbani, upande wa kichwa cha kitanda, na hapa naandika kinasoma sifuri. Kwanini kimoja kipo droo na kingine ukutani ndo stori yenyewe, ila ni ndefu kidogo, vumilieni.

Mi ni mhudumu wa mochwari. Hospitali moja huku Nyanda za Juu Kusini, siitaji na msinibane. Napokea, naosha, nahifadhi, na daktari akija kufanya uchunguzi mi ndo namsaidia kufungua na kufunga, nashika vichupa, naandika lebo. Mwaka wa tisa huu. Najua mtu wa mochwari kuandika rivyu ya kidude cha Kariakoo ni kama mchimba kaburi kusifia dawa ya kikohozi lakini ukweli ni kwamba bila hii kazi nisingejua hata kama hiki kitu kinauzwa.

Wa Dar hamtanielewa. Huku kwetu kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane baridi haina utani, asubuhi unaona majani yana weupe, maji ya bomba yanauma vidole. Mtu kapanga chumba kimoja cha tofali, dirisha kaziba na nailoni kisha pazia zito, chini ya mlango kasokomeza kitambaa upepo usiingie. Anakoka jiko nje, anapuliza, moshi ukiisha na mkaa ukawa mwekundu wote analiingiza ndani, analala. Na atakwambia kwa kujiamini kabisa kwamba mkaa ukishashika vizuri hauna madhara, kinachoua ni moshi. Nimesikia hiyo kauli kwa ndugu wa marehemu mara nyingi kiasi kwamba siku hizi sibishani tena pale dirishani, nawapa pole tu na kuwaonyesha pa kusaini.

Kumbe ni kinyume chake. Moshi unakusaidia, unakuwasha macho, unakohoa, unatoka nje. Ule mkaa mwekundu msafi usiotoa moshi ndo unaotoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haiwashi koo. (Sio hewa ukaa ile ya mabadiliko ya tabianchi, hiyo nyingine, zinafanana majina tu.) Mkaa ukikosa hewa ya kutosha unaungua nusunusu na hiyo gesi ndo inazaliwa. Kwenye damu kuna himoglobini inayobeba oksijeni, sasa hii gesi inaing'ang'ania himoglobini kwa nguvu kama mara 200 hadi 250 zaidi ya oksijeni. Yaani abiria mmoja kapanda daladala na hashuki, na wengine wote wanabaki kituoni.

Sasa kesi iliyonipeleka dukani. Nimebadilisha vitu viwili vitatu ili familia isijulikane. Vijana wawili wa bodaboda walikuwa wamepanga chumba kimoja kwa bibi mmoja mjane. Usiku bibi aliwapikia ugali na mboga kama anavyofanya siku zote, wakala, wakaingia kulala. Asubuhi saa nne pikipiki bado zipo uani, mlango umefungwa kwa ndani, wanagonga kimya. Wakavunja. Mmoja kitandani, mwingine sakafuni kalala kifudifudi mkono umenyoosha kuelekea mlangoni. Jiko lilikuwa kona ya chumba, majivu tu, limeshapoa zamani, wala hakuna aliyelitilia maanani. Watu wote akili zao kwenye sufuria ya mboga.

Walipofika kwetu na polisi tayari mtaani kesi ilishahukumiwa. Bibi kawawekea sumu. Wengine wakasema sio sumu ya dukani ni ya kienyeji, eti bibi ana historia. Yule mama alikaa kituoni siku kadhaa, kisa kawapa watoto wa watu chakula.

Daktari aliyekuja ni mtu wa maneno machache, namheshimu sana. Vitabuni wanaandika kwamba mtu aliyekufa kwa hii gesi madoa ya damu iliyotuama mgongoni yanakuwa ya pinki inayong'aa. Sawa, lakini vitabu viliandikwa na watu waliokuwa wakipasua Wazungu. Ngozi yetu nyeusi hiyo pinki mgongoni unaweza usiione kabisa. Yeye hakuhangaika na mgongo. Akavuta kope ya chini kwa kidole gumba, akaniita "njoo uone". Halafu akageuza mdomo wa chini, halafu kucha, halafu viganja. Rangi ilikuwa nzuri. Sijui nisemeje, mtu kalala kwenye meza ya bati na lipsi zake zina afya kuliko za kwangu mimi niliyesimama. Nilishtuka kusema kweli, maana maiti nimezoea ile rangi ya kijivu.

Tulipofungua ndo nikaamini. Damu ya kawaida ya maiti ni nyeusi nyeusi, inakaribia zambarau. Hii ilikuwa kama maji ya tikiti. Misuli ya kifua nayo, yaani ile nyama, nyekundu ya tikiti lililoiva. Hakusema kitu, akaendelea, akachukua vilivyomo tumboni pia, ini, mkojo, kama utaratibu ulivyo, maana rangi peke yake haitoshi. Sayanidi nayo inaweza kuleta rangi ya namna hiyo. Na hata mwili uliokaa tu kwenye friji unaweza ukapata madoa ya pinki kwa sababu ya ubaridi, kwahiyo ukiona pinki usirukie majibu.

Halafu akafanya kitu kidogo ambacho sikuwahi kukiona, na hapa ndo nilipoipenda hii sayansi. Akachukua mirija miwili ya glasi. Mmoja akaweka matone ya damu ya kijana, mwingine damu ya maiti nyingine ya mzee aliyefariki kwa presha, zote akazichanganya na maji mengi mpaka zikawa nyepesi. Akadondoshea soda kali, sodiamu haidroksaidi, matone machache kila mrija. Damu ya mzee ikageuka palepale ikawa ya kahawia kama chai ya rangi iliyokaa. Ya kijana ikabaki pinki. Ikabaki hivyohivyo. Akasema hicho kipimo ni cha Mjerumani anaitwa Hoppe-Seyler, cha karne ya 19 huko, na kabla yake kuna Mfaransa, Claude Bernard, ndo aliyegundua kwamba hii gesi inafukuza oksijeni kwenye damu, kwa kuchunguza wanyama aliowapa gesi na kukuta damu yao nyekundu kila mahali. Karne na nusu na bado kinafanya kazi kwenye chumba ambacho hata feni ya kutolea hewa imekufa. Akanionya tu kwamba ni cha kukisia, sio cha kupelekea mtu mahakamani, na kwamba kwa kichanga kinaweza kukudanganya kwa sababu himoglobini ya mtoto mchanga haigeuzwi kirahisi na soda, itabaki pinki hata kama hakuna gesi.

Damu ya kupeleka maabara aliichukua kwenye mshipa wa paja, sio moyoni. Nilimuuliza kwanini kila mara paja, akasema mtu akifa mwili haujatulia, dawa na sumu nyingine zinavuja kutoka kwenye ini na mapafu na kuingia kwenye damu ya karibu na moyo, kwahiyo ukipima ya moyoni unaweza ukakuta kipimo kikubwa kuliko alichokuwa nacho akiwa hai. Kichupa chenye dawa ya kuzuia kuganda na kuoza, tukakijaza mpaka juu kisibaki na hewa, lebo, lakiri, saini yake, saini yangu, saini ya afande. Ule mnyororo wa utunzaji wa kielelezo ukikatika sehemu moja tu wakili anakupangusa mahakamani kama meza. Sampuli za sumu nchini kwetu zinaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Hapa kwetu hospitalini zikakaa kwenye friji siku nne nzima kwa sababu gari halikuwa na mafuta, na hilo nalisema kwa uchungu, bibi wa watu yupo kituoni na chupa ipo kwenye friji pembeni ya chai yetu ya thamosi. Bahati nzuri hii gesi ikishashika damu haiondoki ovyo, kwenye kichupa kilichofungwa vizuri inakaa. Ingekuwa ni kitu kinachoyeyuka haraka sijui ingekuwaje.

Majibu yalipokuja yalionyesha zaidi ya nusu ya himoglobini imeshikwa, wote wawili. Mtu asiyevuta sigara huwa na asilimia moja au mbili hivi, mvutaji mzito anaweza kufika hata 10. Kichwa kinaanza kuuma ukikaribia 20, kutapika na kuchanganyikiwa kwenye 30 na 40 huko, ukipita 50 wengi wanazimika na kufa, na mzee au mgonjwa wa moyo anaweza kuondoka mapema zaidi. Tumboni hakukuwa na sumu. Mboga ilikuwa mboga.

Na yule wa sakafuni aliyenyoosha mkono? Huyo ndo ananirudia usiku. Kuna mwanasayansi Mskoti anaitwa John Scott Haldane, mwaka 1895 aliivuta hii gesi mwenyewe kwa makusudi huku anajitoa damu na kupima, mpaka zaidi ya nusu ya damu yake ikashikwa. Alichokiona ni kwamba miguu inakuacha kabla hujajua uko hatarini kiasi gani. Mwaka uliofuata mgodi wa makaa ya mawe ulilipuka Tylorstown huko Wales, wakafa wachimbaji 57, akaenda akachunguza miili na kuonyesha wengi hawakuuawa na mlipuko wenyewe bali na hii gesi iliyobaki baada ya mlipuko. Ndo maana wakaanza kushuka mgodini na ndege wadogo wa njano jamii ya chiriku, wanapumua haraka kwahiyo wanaanguka kabla ya binadamu. Migodi ya Uingereza walitumia hao ndege kuanzia 1911 mpaka 1986, ndo vikaja vidude vya umeme. Kwahiyo nilivyosoma hayo nikasema basi, mi nahitaji chiriku wangu.

Nikamuagiza mdogo wangu aliyekuwa anashuka Dar. Kosa la kwanza. Nilimwambia "kidude cha kunusa gesi", yeye naye akamwambia muuzaji hivyohivyo, muuzaji akampa cha gesi ya mtungi. Sikilizeni vizuri hapa maana mtaliwa hela: kuna kidude cha moshi, kuna kidude cha gesi ya mtungi wa kupikia, na kuna kidude cha CO, yaani kaboni monoksaidi, hii ya mkaa. Ni vitu vitatu tofauti, vinafanana sura, vyeupe vya plastiki saizi ya sahani ya chai. Gesi ya mtungi ni nzito inakaa chini sakafuni kwahiyo kidude chake kinafungwa chini. CO uzito wake unakaribia sana ule wa hewa, nyepesi kidogo tu, inachanganyika chumba kizima. Tukakirudisha, muuzaji akagoma kurudisha hela akabadilishia kingine, kimeandikwa CO kwa herufi kubwa, kina kioo cha namba, elfu kumi na nane. Nikafurahi.

Nimekaa nacho wiki mbili kinasoma 000. Nikibonyeza kitufe cha kujaribu kinapiga kelele mpaka jirani anauliza kuna nini. Nikaona kipo safi. Halafu siku moja nikamuonyesha yule daktari, akakigeuza nyuma, akauliza "kimethibitishwa na nani?" Nyuma hakuna alama yoyote, kuna mchoro wa pipa la taka lililokatwa tu na nchi kilipotengenezwa. Akasema kitufe cha kujaribu kinapima betri na spika, hakipimi ile pua yenyewe. Aisee. Wiki mbili nimelala najiona mjanja.

Nikanunua cha pili, hiki kwa duka la vifaa vya usalama, kina chapa EN 50291 ambayo ni kiwango cha Ulaya, pua yake ni ya kikemikali, na nyuma kuna tarehe ya kubadilisha. Hapo ndo nikaamua nivipime vyote viwili kwa pamoja na hii sehemu naiandika kwa makini msije mkaniiga vibaya. Nina stoo nje, kama mita mbili na nusu kwa tatu, haijaungana na nyumba. Nikavitundika vyote viwili kwa ndani kwenye kioo cha dirisha namba zikiangalia nje, nikaweka jiko la mkaa uliokwisha shika, mwekundu, hauna moshi hata chembe, nikafunga mlango nikiwa nje, kwenye komeo nikafunga kamba ndefu ya kuvutia. Wife akawapeleka watoto kwa dada yake. Mi nikakaa nje na daftari na simu.

Dakika ya 6 kile cha hamsini na tano kilisoma 41. Hizo ni sehemu kwa milioni. Dakika ya 12 kikafika 97. Dakika ya 19, 160. Dakika ya 23 kikalia, na mlio wake sio wa mchezo, ni mara nne nne za haraka, mbwa wa jirani wakaanza. Nikaacha kidogo nione, dakika ya 31 kimefika 318 na jiko bado halijaungua hata nusu. Jiko moja dogo la udongo, mkaa wa sado moja hata haujajaa. Na kile cha elfu kumi na nane pembeni yake, kwenye kioo hichohicho, kimeandika 000 muda wote. Sifuri sifuri sifuri na kitaa cha kijani kinawaka kuniambia hali ni shwari. Nilikiangalia kile kijani nikasikia baridi ya mgongoni nyingine kabisa na ile ya Julai. Nikavuta kamba mlango ukafunguka, nikasogea mbali, nikasubiri saa nzima ndo nikaingia.

Kuna mtu atasema mbona kilichelewa, kwanini kisilie palepale kwenye 41. Nami nilijiuliza. Kumbe hakijatengenezwa kuogopa gesi kidogo, kimetengenezwa kufuata damu yako. Kwa hicho kiwango cha Ulaya kikisoma 50 kinatakiwa kilie kati ya dakika 60 na 90, kikisoma 100 ni kati ya dakika 10 na 40, kikifika 300 ndani ya dakika 3. Wamarekani nao wana mahesabu yao, king'ora kilie kabla damu ya mtu haijafika asilimia 10. Yaani ile hesabu ninayoiletewa mi kwenye bahasha baada ya mtu kufa, hiki kidude kinaipiga ukutani kabla. Hilo ndo lililonifanya nikipende, sio plastiki yake. Mochwari tunapima gesi iliyofika kwenye damu, chenyewe kinapima ile inayoelekea huko.

Sasa mabaya yake, maana yapo.

La kwanza sola. Nina betri ya sola ya maji, N100, ilikuwa chumbani chini ya meza. Mchana mmoja wa jua kali kidude kikalia hakuna jiko wala nini. Nimetoa watu wote nje, nimefungua madirisha, natafuta gesi inatoka wapi. Kumbe betri ya asidi ikichajiwa sana inatoa haidrojeni na hizi pua za kikemikali zinaichanganya haidrojeni na CO. Nikahamishia betri nje kwenye kibanda, kelele zikaisha. Kwahiyo kama una sola ndani jua hilo, ingawa ukweli betri kuchemka ndani ya chumba nayo sio kitu cha kuchekea. Marashi ya kupuliza na pombe ya kupakia mikono navyo vikiwa karibu sana vinakitikisa kidogo, namba inapanda inashuka.

La pili ule mlio wa betri kuisha. Saa nane usiku, "tik", kimya, unaanza kusinzia, "tik". Wife alikitoa betri akaweka kwenye rimoti ya king'amuzi na hakuniambia. Nimegundua baada ya siku tatu. Tuligombana kweli siku hiyo, mi nikaleta habari za mochwari mezani jambo ambalo tulikubaliana tusifanye, mwisho akanunua betri pea mbili akaziweka pembeni na mpaka leo rimoti ina za kwake.

Maelekezo hayana Kiswahili. Kingereza cha kichina. Mi nimeng'ang'ana na kamusi, mama yangu je?

Na tarehe. Pua ina umri, inakufa hata kama hukutumia, nyingi ni miaka 7 mpaka 10. Kidude kinaweza kukaa dukani miaka minne muuzaji anapangusa vumbi tu. Angalia nyuma kabla hujatoa hela, kama hakuna tarehe kiache hapohapo kwenye kaunta hata akikupunguzia.

Na wale wa "weka beseni la maji itanyonya sumu", hapana. Hii gesi karibu haiyeyuki kwenye maji. Nimepokea watu ambao beseni lilikuwepo. Vitunguu navyo pia hapana, jamani. Dirisha liwe wazi, jiko liwe nje, kidude ni cha siku utakapokosea. Na kama umemkuta mtu kazimia chumba chenye jiko, mtoe nje kwanza wewe usikae humo, mkimbizeni hospitali yenye oksijeni, maana akipumua hewa ya kawaida tu inachukua saa nne mpaka tano au sita nusu ya gesi kutoka kwenye damu, akipewa oksijeni tupu inashuka kuwa kama saa moja na nusu hivi. Usimpe maziwa. Maziwa yanaenda tumboni, shida ipo kwenye damu.

Kuna mdau kazini aliniuliza, sasa nyumba ikiungua mkakuta maiti ndani si mnasema tu kafa kwa moto? Hapana, na hapa ndo hii gesi inapokuwa shahidi. Mtu aliyekuwa anapumua moto ulipowaka utamkuta na masizi ndani ya koo la hewa na damu yake imeshika gesi. Ukikuta koo safi na damu haina gesi unaanza kuuliza maswali mengine, huyu alikuwa hai kweli nyumba inapochomwa? Sio sheria ya moja kwa moja, moto wa kulipuka ghafla kama wa petroli unaweza kuua kabla mtu hajavuta pumzi tatu, kwahiyo daktari anaangalia na majeraha na mengine yote. Lakini wapo watu wanaodhani moto unafuta kila kitu. Koo haliwi jivu kirahisi hivyo.

Nyota nakipa nne kwa tano, kile cha hamsini na tano. Moja nimeitoa kwa ajili ya maelekezo na ule mlio wa saa nane usiku. Cha elfu kumi na nane hakina nyota, hakina hata nusu, na nimekataa kumpa mtu bure maana nitakuwa nimempa taa ya kijani ya kumsindikizia.

Yule bibi nilimpelekea kimoja, cha chapa ileile, nilikitoa mfukoni kwangu. Alirudi nyumbani kwake lakini kile chumba hakijapata mpangaji mpaka leo, watoto wa mtaani bado wanapita upande wa pili wa barabara, majibu ya maabara hayabandikwi kwenye mti wa mtaa. Nilimfungia sebuleni, nikamuelekeza kila kitu, akanisikiliza vizuri sana na kunipa mahindi ya kuchemsha. Wiki iliyopita nimepita kumjulia hali nikakuta kidude kimefunikwa na kitambaa cha kudarizi chenye maua, kimefungwa na utepe kwa nyuma.

"Shikamoo bibi, mbona umekifunika?"

"Marahaba mwanangu. Kina jicho la kijani, usiku kinaniangalia. Nikaona nikivalishe."

Nikatoa kisu nikakata dirisha dogo kwenye kitambaa, kwenye matundu ya pua, jicho nikaliacha limefunikwa. Tumekubaliana hivyo.